Dobi Aliyebaki

Saa nne asubuhi, nyuma ya loji moja nje kidogo ya mji wa Karatu, Eunike anabana pembe mbili za shuka kwenye kamba, kisha anarudi nyuma ameshika pembe mbili nyingine. Anaivuta, anaikunja. Upepo ukileta vumbi jekundu la barabarani, shuka inarudi majini.

"Kazi hii ni ya watu wawili," anasema. "Nimejifunza kuifanya peke yangu."

Walikuwa madobi watatu. Kima kipya cha chini cha mshahara kilipotangazwa, walishangilia chumba kizima cha kufulia. Mshahara wa Eunike ulipanda kutoka shilingi 190,000 hadi 270,000. Mwezi wa pili meneja akawaita: kwa kiwango hicho, mwenye loji angeweza kubaki na mmoja tu.

Hasna alikwenda kuuza dukani kwa kaka yake mjini. Nalangu, mama wa watoto wanne kutoka kijiji cha Piyaya, alishuka Mang'ola, bondeni kwenye mashamba ya vitunguu, kukata vitunguu akilipwa kwa kila gunia.

"Sikuchukua nafasi ya mtu," anasema Eunike, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Miaka sita alikula na Nalangu sahani moja. Siku hizi anakula amesimama, karibu na mashine ya kufulia, kwa kuwa angalau inanguruma.

Mwezi uliopita meneja alimwambia msimu wa watalii unakaribia, atafute kibarua wa kumsaidia: kwa nusu ya mshahara wa Eunike, bila mkataba. Jumapili Eunike akapanda gari la Mang'ola na habari hiyo, na kilo mbili za sukari.

Nalangu alimsikiliza bila kuacha kukata vitunguu.

"Yaani tukunje shuka moja, wewe upate kamili, mimi nusu?"

"Si ni zaidi ya unachopata hapa, dada?"

"Hapa sote tunapata kidogo. Hakuna wa kunitazama kwa dharau."

Sukari aliipokea. Kumsindikiza mgeni wake hadi kwenye gari, hapana.

Tangu hapo Eunike amemwandikia mwenye loji barua, akiomba Nalangu arudishwe kwa mkataba na kiwango sawa na chake. Hii ni wiki ya tatu, jibu hakuna. Meneja amemwonya kuwa wanaoitaka kazi yake ni wengi.

"Kibarua wa nusu sitamtafuta," anasema. "Lakini nikijibiwa ndiyo, sitapiga simu. Nitashuka mwenyewe, niketi naye kwenye vitunguu mpaka amalize gunia lake, halafu tupande gari pamoja."