Mpwa Wangu Amenikataza Kufungua Sahani ya Mahari Yake

Admin, ficha jina langu, ingawa hapa Kindu watanitambua kwa kivuli tu. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na minne, na nusu ya ndoa za kata yetu zimesimama juu ya tumbo langu. Kwetu, siku ya mahari, mjomba wa binti ndiye anafungua sahani. Anakula wa kwanza, wakwe wanamwongezea mara tatu, na akiacha hata tonge moja, wanajua wamekataliwa. Familia ambazo mjomba wao hana nguvu ya kula huja kuniazima mimi. Sijawahi kuacha tonge.

Lakini nimechoka, ndugu zangu. Nikitoka bandarini kurudi nyumbani, napumzika njiani mara nne. Nina kidonda mguuni, kidogo kama kifungo cha shati, na huu mwezi wa tatu hakitaki kufunga.

Binti wa marehemu dada yangu, niliyemlea mimi, ni muuguzi. Anasaidia madaktari wanaofanya utafiti juu ya chakula na unene. Walikuwa wanatafuta watu wanene, na nani angewafaa kuliko mimi? Akaniambia nije asubuhi bila kula kitu. Nikaenda na koti langu la heshima.

"Mujomba, umekula kitu?"

"Hata maji, mama."

"Vua koti basi, upande kwa mizani."

"Hii koti haitoke mbele ya watu. Nipime vile niko."

Akacheka. "Na kilo za koti niandike kwa jina yako?"

"Andika. Ile njo uzito wa heshima."

Alipopima kiuno, utepe haukutosha, akaunganisha na wa pili. Nilijisikia mkubwa. Ila damu ilipotoka kupimwa, hakucheka tena. Akanieleza polepole kwamba mwili una kitu kinachofungulia sukari mlango iingie kwenye nyama, na kwangu kinagonga mpaka kinachoka, mlango haufunguki. Sukari inabaki kuzunguka kwenye damu. Tena mafuta ya tumboni hayalali, yanauwasha mwili moto mdogo mdogo wa ndani, nao unazidi kuukaza ule mlango.

Nikamwambia, "Mama, hii tumbo niliitafuta."

Na ni kweli. Miaka ya vita treni haikufika, chumvi ikapotea, tukachemsha majani tusiyoyajua jina. Mimi nilitoka mji wa Kama kwa miguu na gunia zima la chumvi kichwani, na askari mia mbili wakanipisha njia. Sawa, gunia lilikuwa nusu. Nilipofika, dada yangu alikuwa amebaki mifupa. Alikufa kwa njaa wiki ile ile, binti yake ana miaka miwili, nikambeba. Niliapa njaa haitaingia tena kwangu. Nilipoanza kunenepa, majirani walisema amani imerudi.

Sasa Jumamosi ni mahari ya binti huyu huyu. Ameniambia, "Mujomba mudogo atatoka kijiji ya Tunda, yeye njo atafungua sahani."

"Yule mdogo wangu mwembamba? Wakwe watasema tumewaletea fimbo ya mbuzi."

"Waseme. Mama sikumujua. Mimi nataka mujomba atakayeona watoto yangu."

Nimewaozesha mabinti wa watu, na wa kwangu mwenyewe nitakaa pembeni kama mgeni? Na nikikaa mbele nikala, nitamwangaliaje usoni? Jumatatu wananipima tena. Nishaurini, ninyi mnaosoma, nishike sahani yangu au nimwachie yule wa Tunda?

Kabla hamjajibu, kuna kitu kidogo sikukisema. Koti sikulivua kwa sababu mfukoni mlikuwa na chikwange, ule muhogo wa kufungwa kwenye majani. Ilibaki nusu. Nusu nyingine niliila kwenye benchi, nikingoja kuitwa, huku nimegeukia ukuta. Tangu vita sijawahi kutoka nyumbani mfuko mtupu. Nikijaribu, narudi jikoni kabla sijavuka barabara. Yeye ameandika kwenye daftari lake kwamba nilifunga.