Libaya Ishirini na Mbili za Mama Anastasie

Mi ni mtu wa kutembea. Kutoka Mboko mpaka Kazimia, kwa miguu, na kimkebe cha makaa, ninaziba besani na sufuria zilizotoboka. Shule niliacha darasa la tano, kwa hiyo mtanisamehe pale kalamu itateleza. Ninaandika juu ya Mama Anastasie Mutambo, mfuaji wa nguo wa Baraka, mji wa kando ya ziwa. Nimeziba besani zake miaka mingi. Na siku ile ya aibu nilikuwapo, nimekaa kwenye kibao changu, na nilicheka pamoja na wengine.

Mume wake alikwenda kuchimba dhahabu kule Misisi, hakurudi. Yeye akashika sabuni. Watoto wanne wamekula sabuni ile, wamesoma sabuni ile. Kufua, kila mtu anafua. Lakini kuanika! Suruali anaigeuza ndani nje ili jua lisile rangi. Nguo za ndani za wanawake anaziweka kwenye kamba ya katikati, shuka huku na shuka kule, baba mkwe wa mtu akipita asione kitu cha kumfanya ainamishe kichwa. Libaya, zile blauzi za kitenge, hazishiki mabegani, anazishika kwenye pindo la chini. Kisha anakaa hapo hapo na fimbo yake ya kufukuza mbuzi, mpaka nguo ya mwisho ikauke.

Nyumba ya wageni anakofanya kazi ilileta mashine ya kukausha nguo, ya kula mafuta ya jenereta, mwaka jana. Nyeupe, na mlango wa duara. Mkubwa wake alimwonyesha vizuri: hapa kuna jua dogo, ni la nguo za watu, hapa kuna jua kubwa, ni la mataulo na shuka. Mama Anastasie akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Chef, jua ya Baraka haiombaka mazuta." Neno lile lilitembea soko lote. Hata mi nililipeleka mpaka Mboko, watu wakacheka vizuri. Mashine aliiwashia mataulo tu, siku za mvua, na uso wa kununa.

Sasa kulikuwa na Georgette, binti mkubwa wa mzee mmoja mvuvi aliyefariki. Mwaka wa kilio ulikuwa unaisha, familia inataka kutoka katika kilio siku ya Jumamosi. Wanawake ishirini na wawili, kitenge kimoja, cha bluu na ndege wa njano. Kushona walimpa Néhémie Ntakirutimana, Mrundi aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda, anayeshonea kwenye baraza karibu na soko. Mtu wa maneno machache. Alipima kila mama, akaandika katika kidaftari, akashona, akazitoa siku aliyosema. Fundi anayetoa nguo siku aliyosema, mwajua wenyewe, si wengi.

Katika familia ile wana desturi: nguo ya kutoka kilio haigusi mwili mbele ya kupita katika maji ya ziwa na kuona jua. Hakuna aliyejaribu yake. Zilitoka kwa fundi zikaenda moja kwa moja kwa Mama Anastasie.

Alhamisi akazifua ziwani. Alipozitandaza kwenye majani, mvua. Ijumaa asubuhi, mvua. Saa sita, mvua bado, na libaya ishirini na mbili zinatona maji ndani ya nyumba yake, na Georgette ametuma mtu mara mbili kuuliza. Mama Anastasie alikuwa hajawahi kuchelewesha nguo ya mtu hata siku moja. Hilo lilikuwa jina lake, hana jina lingine.

Akazifunga katika shuka, akabeba kichwani mpaka nyumba ya wageni. Wageni walikuwa wamepanda kwenda Fizi. Akamwomba mlinzi, Wilfried, awashe jenereta.

Wilfried akamwangalia. "Mama Anastasie! Jua ya Baraka imekwisha mazuta?"

"Washa, we mutoto. Utacheka kesho."

Haraka ile, na hasira ya kuchekwa, akajaza mashine mpaka mlangoni, akageuza kwenye jua kubwa. Yeye mwenyewe aliniambia baadaye, "Muzee, nilijua. Mukono ilikuwa inajua. Nikasema, si mara moja tu?"

Zilitoka moto kama mkate. Aliponyoosha ya kwanza kwa pasi ya makaa, aliona bega limejikunja na uzi umevuta kitambaa, nguo imepungua. Akavuta kwa mkono, akavuta na pasi, akaikunja haraka. Na ya pili hivyo. Ishirini na mbili akazikunja pembe kwa pembe, nzuri kabisa kwa macho, akazipeleka.

Jumamosi asubuhi mi nilikuwa katika kiwanja cha Georgette, naziba sufuria kubwa za kupikia wageni. Wanawake wakaingia kuvaa. Kwanza tukasikia kicheko, kisha kelele. Mmoja akatoka, mikono imesimama mbali na mwili kama kuku anayekausha mabawa. Mwingine zipu imegomea katikati ya mgongo, watu wawili wanavuta.

"Vuta pumuzi ndani, dada!"

"Nimeshavuta ya tangu jana!"

Georgette mwenyewe, mwanamke mnene wa heshima, mwenye kilio, alisimama mlangoni na libaya imefika kwenye mbavu. Hakucheka. Akasema, "Mwiteni fundi."

Néhémie akaja na kamba ya kupimia bado shingoni. Wakamzunguka.

"We fundi, ulipima sisi ao ulipima batoto betu?"

"Kitambaa yenye ulipunguza iko wapi? Imefika Lusenda?"

"Bibi yake njo anavaa ndege yetu kule mu kambi!"

Hapo ndipo nilicheka. Lilikuwa neno la kuchekesha, na mdomo ulicheka mbele ya moyo kuuliza.

Néhémie akasema pole pole, "Bamama, mi nilipima. Kidaftari iko hapa." Hakuna aliyekiangalia. Georgette akageuka kwa Mama Anastasie, aliyekuwa amesimama karibu na jiko akishika besani isiyokuwa na kitu ndani.

"Mama Anastasie, weye ulifua. Weye unajua nguo. Uliona nini?"

Néhémie naye akamwangalia, kwa muda mrefu. Ndiyo, Georgette aliuliza vizuri, kwa heshima, na nafasi ilikuwa pale wazi kama mlango.

"Mi nilifua tu," akasema Mama Anastasie.

Basi. Wajomba wawili walikwenda na Néhémie barazani, wakachukua mashine yake ya kushona, wakailaza chini ya kitanda cha Georgette mpaka atakaporudisha kitambaa. Wanawake wakatoka kilio katika nguo zao za kila siku, kila mtu rangi yake. Na Mama Anastasie alikula chakula cha karamu ile. Aliniambia, "Nilikula, muzee. Nyama ilipita."

Jumapili Néhémie alikaa barazani pasipo mashine, mikono juu ya magoti. Jumatatu hivyo. Mama Anastasie alipita njia ya nyuma ya soko siku zote mbili, yeye ambaye njia yake ni ya mbele. Mtu mmoja alimwita aje kuchukua shuka za kufua, yeye akasema anaumwa. Na kweli aliumwa, maana Jumanne nilimkuta nyumbani, ameketi sakafuni, nguo za watu zimelowa kwenye besani tangu jana zinanuka. Hapo ndipo aliponiambia yote, mashine, jua kubwa, yote. Nilisema tu, "Mama, mi nilicheka." Akasimama, akajifunga kitenge, akaenda kwa Georgette. Nikamfuata kwa mbali.

Alisema akiwa amesimama, haraka, kama mtu anayetapika. Georgette alimwacha amalize.

"Na uliangalia wakimubebea mashine?"

"Niliangalia."

"Mashine iko chini ya kitanda. Sitaituma na mutu. Beba weye mwenyewe, kwa kichwa, katikati ya soko. Mwenye atakuuliza, mwambie."

Waliuliza! Mashine ya kushona ni chuma, shingo ilikuwa inatetemeka. "Mama Anastasie, umeacha sabuni?" Akajibu, "Hapana. Ni ya Néhémie. Libaya ni mi niliziunguza mu mashine ya wazungu, nikanyamaza." Muuza samaki wa kwanza alicheka. Wa pili hakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alirudia maneno yale mpaka barazani, bila kuyafupisha.

Néhémie alipokea mashine, akaifuta. Akaomba libaya moja, ikaletwa kutoka kwa Georgette. Akaipindua ndani nje, akakata uzi wa ubavuni kwa wembe, akafungua. Ndani ya mshono kulikuwa kitambaa kimekunjwa, upana wa vidole viwili huku, vidole viwili kule. Kitambaa ambacho tulisema kimekwenda Lusenda.

"Niliwaachia," akasema. "Mutu akitoka kilio ananenepa."

Ishirini na mbili, wanawake wote wale, na mi mzee mwenye macho, hakuna aliyepindua hata moja.

"Kwa nini hukutuonyesha ile siku?" Mama Anastasie akauliza.

"Nilikuwa nangoja weye useme."

Mama Anastasie akaketi chini, akanyoosha mkono apewe wembe. Nilipoondoka kwenda Kazimia Alhamisi, alikuwa amefika libaya ya tisa, anafumua mishono uzi kwa uzi, kwenye baraza ya mbele ya soko, na kila aliyesimama kumuuliza anafanya nini, alimwambia.