Mkaguzi wa Vizibo

Kiwandani wanamwita Darubini, na hawamwiti hivyo kwa mapenzi. Kazi yake ni kukaa mwisho wa mstari wa cherehani, kupokea mashati, kuyageuza ndani nje na kutafuta kosa. Kola imepinda? Rudisha. Uzi unaning'inia kwapani? Rudisha. Washonaji wakimwona tu ananyanyua shati kulielekeza kwenye taa, wanaanza kununa mapema ili wasipoteze muda. Yeye wala hana habari. Shati likipita mikononi mwake limepita, na kwa hilo anajisikia, tena sana.

Shida ni kwamba jioni anarudi nyumbani na macho yaleyale.

Ana binti wa miaka minne. Wanamwita Kifaranga, kwa sababu tangu aanze kutembea alikuwa hamwachi mama yake hata akienda chooni. Mwakani anaanza shule ya awali. Basi mama akaona video kwenye simu: dada mmoja anachekacheka na watoto wake, wanapanga vitu kwa rangi, wanahesabu, wanaimba. Mama akasema, hili nalo la kunishinda? Akakusanya vizibo vya soda na vya chupa za maji, akaviosha, akavitia kwenye bakuli, akaketi sakafuni na mwanawe.

"Haya, vyekundu huku, vya bluu huku."

Mtoto akaanza vizuri. Kisha akatia cha rangi ya chungwa kwenye vyekundu.

"Angalia tena."

Akaangalia tena. Akakihamishia kwenye vya bluu.

"Ndiyo umefanya nini sasa? Rudia. Vyote."

Mkono wa mama ukavuruga mafungu yote mawili. Siku nyingine mtoto akavipanga vizibo mkia mrefu hadi mlangoni, akasema ni treni. "Sio mchezo huo," mama akasema, akavizoa. Wala hakuwa na hasira. Alitumia sauti ileile ya kazini, sauti ya mtu anayesukuma shati pembeni na kuchukua linalofuata.

Haikupita muda, bakuli likitokea tu, Kifaranga anapiga miayo.

"Mama, nina usingizi."

Jua bado linawaka dirishani.

Lakini na shangazi yake usingizi ulikuwa hauonekani. Huyu shangazi, wifi wa mama, alikuja kukaa nao akitafuta kazi, na kwa wakati huo kazi yake kubwa ilikuwa kupaka kucha rangi. Mama akirudi anawakuta wawili hao wamelala kifudifudi sakafuni, vizibo vimetapakaa, wanacheka hadi wanakohoa. Wivu ukamshika.

"Wifi, unampa nini huyu mtoto?"

"Simpi kitu. Namkosea tu. Namwambia hiki cha njano ni kijani, anapanda juu ya kochi kunigombeza. Akimaliza kunigombeza, rangi zote keshazijua."

"Kwa hiyo unamfundisha uongo."

"Wifi na wewe. Mtoto si shati, ujue."

Mama akabetua midomo, akaenda kuoga. Maneno ya mtu asiye na kazi, akajisemea.

Jumamosi jirani mwenye mapacha akaja kupiga soga. Wakubwa wanakunywa chai, watoto wako koridoni. Mara pakawa kimya, wakachungulia. Kifaranga alikuwa amewasimamisha mapacha ukutani. Anamgeuza mmoja, anamvuta kola, anamnyanyua mkono kumkagua kwapa.

"Wewe pita. Wewe huna kifungo. Rudi."

"Nirudi wapi?" pacha akauliza.

"Rudi tu."

Wakubwa wakacheka mpaka chai ikamwagika. Aliyecheka kuliko wote ni mama, moyo umemjaa, mtoto kamwiga haswa. Jirani, akijifuta macho, akamchokoza.

"Na wewe bosi, umepita?"

"Mimi bado," Kifaranga akasema, macho yake kwenye mshono wa bega la pacha. "Mama ananirudisha kila siku."

Alisema kama anavyotaja umri wake. Jirani akaendelea kucheka kidogo, kisha kicheko kikamfia mdomoni, akainamia kikombe. Wifi akatazama kucha zake. Hakuna aliyemtazama mama, na hapo ndipo alipojiona yuko uchi. Wangemsema angejibu, kujibu anajua. Akanyanyuka, akasema anafuata sukari. Sukari ilikuwa palepale mezani.

Jikoni akafungua bomba, akaacha maji yatiririke, uso unamuwaka. Ile miayo ndiyo iliyomrudia. Mtoto wa miaka minne alikuwa ametafuta namna ya adabu ya kumkimbia mama yake. Na yeye, anayeona uzi mmoja kwenye shati zima, hakuona kitu.

Wageni walipoondoka, shangazi na mtoto wakafungua duka chini ya meza. Mama akachuchumaa pembeni.

"Na mimi nicheze?"

Kifaranga akamtazama shangazi. Shangazi akaendelea kupanga bidhaa.

"Kwani unajua?" mtoto akamuuliza mama yake.

"Utanifundisha."

"Basi panga foleni."

Akasimama nyuma ya kiti. Shangazi akanunua mkate, ambao ulikuwa soksi, akaondoka zake. Zamu ya mama ikafika.

"Naomba sabuni."

Akapewa kijiko. Ila Kifaranga hakukiachia. Alishika upande mmoja, mama upande mwingine, na macho ya mtoto yakaganda usoni mwa mama, yanasubiri. Mama aliyajua macho yale. Anatazamwa nayo kila siku kiwandani, akinyanyua shati kwenye taa. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Akaufunga.

"Inanukia vizuri," akasema.

Mtoto akakiachia kijiko taratibu, bila kutabasamu.

"Haya ondoka, kuna mteja mwingine."

Hakukuwa na mteja mwingine. Mama akainuka na kijiko chake mkononi, akarudi nyuma ya kiti, akapanga foleni upya.