Siku Niliyoifungia Jumuiya Mlango

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipoufunga mlango wangu hapa Kaagya kwa kufuli, nikafunga ufunguo kwenye pindo la kanga, nikaenda kujificha kwenye migomba kama mwizi. Siku hiyo ilikuwa zamu ya jumuiya kusali kwangu. Nakusimulia kwa sababu nasikia wewe, huko Ijuganyondo, umejitoa kwenye kundi la simu la jumuiya, kwaya umeacha, na Jumapili unafua nguo, eti rafiki yako amesambaza siri yako. Umenichosha, mwanangu. Na kinachonichosha zaidi ni kwamba ugonjwa huo inaelekea umeurithi kwangu.

Nilikuwa nimeolewa kutoka Muleba, mwaka wa tatu huo, sina mtoto. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na aliyejua ni mume wangu tu. Nikamwambia Paskazia, jirani niliyekuwa nikichuma naye kahawa. Nikamwambia pia kwamba naogopa mama mkwe akijua, atamshauri mwanawe anirudishe kwetu. Paskazia alilia na mimi, akaapa kunyamaza. Wiki haikuisha! Kwenye sala ya jumuiya, wakati wa maombi, akafumba macho akaanza: "Ee Bwana, tunamwombea dada yetu ambaye mimba zake zinaharibika, anayeogopa kufukuzwa na mama mkwe." Akanitaja na jina, kana kwamba Mungu angekosea nyumba. Mama mkwe alikuwa ameketi mkeka mmoja na mimi. Watu wote wakaitikia.

Niliwaka. Kanisa nikaacha, rozari nikaitupa chini ya sanduku. Mama mkwe hakuniambia neno, nami nikajua basi, nafukuzwa. Ndipo zamu ya kwangu ikafika, nami nikatia kufuli. Nikajisemea, wakija wasali na kuku.

Niliporudi, jua lilikuwa limepanda na watu wameondoka. Uani palikuwa pametandikwa majani mabichi, kama tunavyowatandikia wageni ndani ya nyumba, na kikapu cha kahawa ya kutafuna kimebaki nusu. Juu ya majani ameketi mama mkwe, Ma Veridiana, mtu mzima mwenye goti bovu, mundu uko pembeni yake. Majani aliyakata mwenyewe.

"Umetoka wapi?" akaniuliza.

"Shambani, mama."

"Nani amekuudhi?"

"Unamjua, mama. Ni Paskazia."

"Paskazia ni mmoja. Waliokaa hapa chini leo ni kumi na wanane, na mzee kipofu ameletwa kwa kushikwa mkono. Hao walikufanyia nini? Na Yesu je, naye alikutangaza? Waitu, mwenzetu, una akili kweli wewe?"

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza.

"Wiki zote hizi nilikuwa naisubiri siku hii," akasema. "Nilitaka nisimame ndani ya nyumba yako, mbele yao wote na huyo Paskazia wako, niseme kwamba wewe ni binti yangu, uzae usizae, na hakuna wa kukutoa hapa nikiwa hai. Nimesimama hapa nje nikasema. Wote wamesikia, isipokuwa wewe."

Kisha akanyoosha mkono nimwinue. Niliona aibu, mwanangu, mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Wiki iliyofuata nilirudi jumuiyani. Lakini kwanza nilipitia kwa Paskazia, nikamwambia usoni kwamba amenisaliti, na kwamba kufumba macho hakukufanya umbeya wake uwe sala. Alikana. Siku ya tatu akaja kuomba radhi. Nilimsamehe kwa shida, nikamsamehe tena kesho yake maana hasira ilikuwa imerudi. Siri sikumpa tena, na padri aliniambia hiyo si dhambi. Watoto walikuja baadaye, wawili, ila usidhani ni malipo ya kusamehe. Kuna wanaosamehe wasipate.

Sasa nisikilize, maana sitarudia. Mtu akikusaliti, mwendee yeye, mwambie yeye. Ukitaka kulia, lia, hata kanisani. Kusamehe hakukulazimishi umwamini tena kwa siri zako. Lakini usimsusie Mungu kwa kosa la rafiki yako, wala usiwaadhibu watu ambao hawajakukosea. Kaa mahali pako katika imani hata kama aliyekuumiza ameketi mkeka huohuo. Rudi, mwanangu. Huenda kuna mtu huko jumuiyani anasimama kukutetea, na wewe hayo huyasikii kwa sababu hupo.

Mungu akuponye donda hilo, akulainishe moyo wako mgumu, akuketishe tena kati ya watu wanaokupenda. Amina.