Meza za Saa Kumi

Nilikuwa na tovuti. Bado ipo na inasomwa kila asubuhi, ila si mimi ninayeiandika tena. Ilikuwa ya wageni waliohamia kisiwa kimoja cha watalii huko baharini. Sisemi wale wa wiki moja wanaoungua mabega na kuondoka, nasema waliopanga nyumba wakabaki: walimu, wapiga mbizi, wastaafu, na bwana mmoja aliyekuja kutengeneza jenereta ya hoteli akasahau kurudi kwao. Niliwaandikia gesi ikiadimika inapatikana wapi, boti ipi haitaondoka kesho, fundi gani wa friji anapokea simu, kibali cha ukaazi kinataka picha ngapi. Na paka. Wageni wakihama huacha paka, na kila paka alitafutiwa nyumba kwangu.

Kule nilifika kwa kuzurura tu. Shule niliiacha kidato cha pili, Butimba, pembeni ya Mwanza, ambako mama alikuwa mpishi chuoni na kila jirani alikuwa mwalimu au anasomea ualimu. Nilivuka kwenda Sengerema nikapakia magunia ya mihogo, nikafuata lori la samaki mpaka lilikoishia, nikauza vitabu vya mitumba, nikafua mashuka hotelini. Kila mahali kulikuwa na kitu nilichotaka kukijua, na nikishakijua nafunga begi. Kiingereza nilikiokota kwa kuuliza maswali mpaka wageni wananikimbia.

Kisiwani nilikaa miaka tisa. Ni mahali pekee nilipowahi kuamka asubuhi bila kuwaza njia ya kutokea.

Tovuti ilianzia kwenye chumba cha kufulia. Wageni waliniuliza mambo yale yale, nikawa naandika majibu kwenye daftari, na mpiga mbizi mmoja akanionyesha namna ya kuyaweka mtandaoni. Chini kabisa ya ukurasa niliandika sharti moja: Hapa anaandika anayeishi hapa. Nililiona ni sharti zuri. Kulikuwa na mwandishi mmoja wa kujitolea, alisifia migahawa, akarudi kwao bila kusema na akaendelea kuandika. Tulimgundua aliposifia mkate wa tanuri lililokuwa limefungwa miezi minne. Nilimwondoa mbele ya wasomaji wote. Akaniandikia: "Niache niendelee, ndicho kitu pekee nilichobaki nacho cha huko." Sikumjibu.

Nilianzisha na jambo lingine, tukaliita Siku ya Meza. Mbele ya gati la zamani pana uwanda wa mchanga ambao maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yakitoka huuacha wazi mpaka mbali. Mara moja kwa mwaka wasomaji walibeba meza na viti mpaka katikati ya uwanda huo. Tulikula, tuliagana na wanaohama, tuligawana paka. Maji yakirudi na kugusa miguu ya meza, sherehe imekwisha, kila mtu anabeba kiti chake kichwani. Saa na siku ziliamuliwa na mimi. Sikuhitaji jedwali. Nilikuwa nikitoka nje na kuyatazama maji, kama mtu anavyotazama saa ya ukutani.

Halafu jirani wa Kirumba, mtaa wa Mwanza alikohamia mama alipoacha kazi ya chuo, akanipigia: mama ameanguka jikoni, upande wa kulia haufanyi kazi. Mimi ni mtoto wake wa pekee. Nilibeba begi moja, nikaacha ndala mlangoni. Niliwaza ni wiki mbili.

Chumba cha mama kina dirisha linalotazama ziwa katikati ya majabali mawili. Niliweka kompyuta pale. Asubuhi namwamkia, shikamoo mama, naye ananiita baba kwa sababu nina jina la baba yake. Namwosha, namlisha uji, kisha naenda dirishani kungoja simu ya kisiwani. Aliyenipigia ni mama mmoja mwenye genge la mboga sokoni, jirani yangu wa zamani. Yeye peke yake ndiye aliyejua niko wapi; wengine walishazoea kunisoma kuliko kuniona.

"Haya mtu wa bara, andika," alikuwa akisema. "Nyanya zimepanda. Umeme ulikatika usiku, umerudi alfajiri. Boti ya mchana ipo. Maji yametoka, yanarudi adhuhuri. Umeandika?"

"Nimeandika. Upepo?"

"Upepo upo, umeninyang'anya mwavuli. Wewe utarudi lini? Ndala zako zimeota ukungu."

"Mama akipata nafuu."

"Hilo ulisema Ramadhani iliyopita."

Kutokana na maneno hayo niliandika asubuhi nzima ya kisiwa. Niliandika vile gati linavyonuka maji yakiwa chini, rangi ya mlango wa duka la mikate mipya, mbwa wa kituo cha boti anayelala kwenye mizani. Nje ya dirisha upepo ulileta harufu ya dagaa kutoka mwaloni, soko la samaki la ufukweni. Korongo walisimama juu ya mapaa kama mafundi wanaosubiri malipo. Wala sikuichukia Mwanza. Ndiko nilikozaliwa. Lakini nikifumba macho nilisikia maji yakitoka, mlio mdogo wa mchanga unaoyanywa, na nikifumbua naliona ziwa limekaa pale pale lilipokaa jana. Mawimbi linayo, na likikasirika linazamisha watu, ila haliondoki na kurudi. Miezi ya mwanzo jambo hilo lilinikera kiasi cha kugeuza kiti. Baadaye nikalizoea, na sikujua kwamba nimelizoea.

Siku ya Meza ya kwanza nikiwa huku, niliwaambia wasomaji nina malaria. Walinitumia picha za kiti changu kitupu. Mwaka wa pili nilipanga udhuru mwingine, mgongo, nikaanza kutayarisha tangazo.

Asubuhi hiyo mama alikuwa amekataa uji. Simu ya kisiwani ilikuja nikiwa na kijiko mkononi.

"Jumamosi bamvua," alisema mama wa genge. "Mwezi mpevu. Meza zenu lini?"

"Jumamosi hiyo hiyo."

"Vyema. Mimi nitaleta kachumbari."

Nikamlisha mama, nikakaa dirishani, nikaandika juu ya ukurasa: Jumamosi, bamvua. Chini yake nikafikiria saa. Nilitazama nje. Nikaona saa kumi alasiri jua limepungua, mwanga mzuri, watoto wametoka kulala. Nikaandika: Njooni saa kumi, leteni viti.

Aliyekaa pwani hata mwezi mmoja ameshaguna. Kule kwetu maji ya bamvua hutoka asubuhi, saa nne, saa tano, na saa kumi jioni ndipo yanapojaa kabisa, mpaka yanalamba ukuta wa gati. Miaka yote ile nilikuwa nawakalisha watu saa nne asubuhi na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Sasa nilikuwa nimechagua saa kwa kutazama ziwa.

Jumamosi jioni simu iliingia na ujumbe wa sauti. Alikuwa mama mmoja mzungu, nesi mstaafu, msomaji wangu wa kwanza kabisa, anayezungumza Kiswahili cha kisiwani vizuri kuliko mimi. Nyuma yake kulikuwa na kelele na vicheko.

"Mhariri! Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, maji yananifika magotini, na keki iko juu ya kichwa cha fundi wa jenereta. Tulipofika maji yalikuwa tayari kwenye ngazi. Nikasema tusishuke. Wakasema haiwezekani, mhariri ameandika saa kumi, mhariri anajua, labda yatatoka sasa hivi. Tumeshusha meza kumi na moja. Meza tatu zinaelea. Paka mmoja amepanda juu ya bibi mgeni na hataki kushuka."

Akacheka. Halafu kicheko kikaisha, nikamsikia akisogea mbali na watu.

"Mwanangu, mtu anayelala hapa hawezi kukosea hivi. Uko wapi?"

Mama alikuwa anasikiliza kitandani.

"Nani huyo analia?" aliuliza. Maneno yake siku hizo yalitoka polepole, moja moja.

"Halii, mama. Alikuwa anacheka."

"Mwanzo alicheka. Mwisho je?"

Simu iliita tena, safari hii mama wa genge.

"Wee bwana, mbona hukunambia?" alianza. "Mimi nimesimama gatini na bakuli la kachumbari, nawatazama wazungu wanashusha meza baharini. Nikadhani mmezua mchezo mpya."

"Ungewaambia!"

"Niwaambie nini? Mimi si ndiye niliyekupa bamvua mdomoni mwangu? Nikasema huyu ana lake." Nikasikia akiweka bakuli chini. "Kwani huko kwenu maji hayatoki?"

"Hayatoki."

"Hata kidogo?"

"Yanakaa hapo hapo."

"Subhanallah," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa msiba. "Sasa watu wanajuaje saa?"

Nilikuwa nimefikiri kwamba kisiwa nimekishika. Nilijua bei ya nyanya yake, nilijua mbwa amelala wapi. Kumbe mwili ulishahama. Ulishachukua saa za ziwa bila kuniuliza, nami nikabaki na maneno tu, kama yule bwana wa mkate.

Nilijua pia nini kingefuata. Nikimwambia nesi ukweli, sharti ni langu mwenyewe, liko chini ya kila ukurasa. Nikimdanganya, mgongo au homa, ningeweza kuendelea mwaka mwingine, pengine miwili, kila asubuhi nikiwa kule kwa saa moja. Ile saa moja ndiyo niliyoigombania. Siku nzima ilikuwa ya mama, ya dawa na sufuria na mashuka. Saa ile ilikuwa yangu.

"Mwambie," alisema mama.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mama yako hawezi kushika kijiko." Akakusanya pumzi. "Unafikiri sikuoni hapo dirishani, baba? Unaandika kama mtu anayekula kwa kujificha."

"Nikimwambia, kazi yenyewe imekwisha."

"Mimi nilipika chuoni miaka yote ile," alisema. "Nilipotoka, nikaendelea kuamka saa kumi alfajiri kuwasha moto wa wanafunzi ambao sina. Mwaka mzima. Jikoni kwangu maji yanachemka ya watu mia. Hukuwepo, hujui." Mkono wake mzima ulitafuta wangu juu ya shuka. "Siku moja nikachemsha kikombe kimoja."

Jumapili niliandika. Niliwaambia kwamba kwa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikiishi Mwanza, kwamba mama ni mgonjwa, kwamba kila asubuhi waliyoisoma ilitoka kwenye simu ya mama wa genge na kwenye kumbukumbu yangu. Niliomba radhi kwa meza tatu. Niliandika kwamba sharti linanihusu na mimi. Tovuti niliwaachia wawili: mama wa genge aseme, nesi aandike. Mwishoni nililitaja jina la yule bwana wa migahawa, nikamwomba radhi kwa kutomjibu barua. Sijui kama anasoma bado.

Majibu yalikuja mengi. Wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Mmoja alinunua friji kwa kufuata ushauri wangu. Wengi walituma picha za meza zinazoelea. Fundi wa jenereta aliandika neno moja tu: Rudi. Nesi aliniuliza upande gani wa mwili, mama anameza vizuri, anageuzwa mara ngapi kwa siku. Hakusema lolote kuhusu mimi. Ila tangu siku hiyo humpigia mama kila Jumatano, wanazungumza mambo ya mazoezi ya vidole, nami nafukuzwa chumbani.

Ili kupata barua ya asubuhi, yaani ukurasa wa siku kwa barua pepe, msomaji anajaza fomu niliyoitengeneza mwenyewe. Inauliza: Unakaa upande gani wa kisiwa? Kuna kaskazini, kusini, mjini, mashambani, na mwisho kabisa kuna kisanduku nilichowawekea wanaohama na paka wao wakabaki: Nilishaondoka. Nilikaa mbele ya kisanduku hicho kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa kuandika ukurasa wote wa kuungama. Ziwa lilikuwa limetulia. Kivuko cha kwenda Sengerema kilikuwa kinageuza. Nikabofya.

Sasa barua inanijia kama inavyowajia wengine, baada ya uji. Mama hutaka nimsomee. Hajawahi kuiona bahari, na mwanzoni nilidhani ananifariji tu, lakini ameshika majina: anajua mbwa wa mizani, anajua nyanya. Wiki mbili baada ya meza kuzama, nesi aliandika maneno ya mama wa genge kama yalivyotoka, bila kupamba: Bamvua. Maji yametoka mpaka mbali, unaweza kutembea ukasahau.

Mama alifumba macho. Nilidhani amelala, nikafunga simu.

"Yanarudi saa ngapi?" aliuliza.

Nilitazama dirishani kwa mazoea, nikageuza uso, nikahesabu kwa vidole kama zamani.

"Saa kumi yatakuwa yamejaa, mama."

"Basi hiyo saa kumi," alisema, "unikumbushe kwamba yamerudi."