Nilivyokwenda Horohoro Kuwasha Ruta

Nilikwenda Horohoro kwa sababu ya ruta. Ndivyo nilivyoambiwa. Asubuhi binamu yangu Salimu, mwenye duka la intaneti kule mpakani, alinipigia simu nikiwa nyumbani Chumbageni, Tanga: "Njoo leo, ruta imegoma." Nikamuuliza, kuna haraka? Akajibu, "Wewe njoo tu."

Basi nikapanda pikipiki yangu bila papara. Amboni nikajaza mafuta. Duga nikanunua machungwa ya kumpelekea Shangazi Mwanasha wa hukohuko Horohoro, mama yake Bakari, binamu yetu anayefanya kazi Maskati. Mvua ikanikuta, nikajibanza barazani kwa watu mpaka ikakatika, tukipiga soga za mpira. Laiti ningejua!

Horohoro nikafika adhuhuri. Shangazi alikuwa dukani, kakaa mkekani, kajitanda kanga mpaka usoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kula kwanza."

Nikasema nianze kazi, Salimu akakataa katakata. Wali ukaletwa, nikala peke yangu. Nilipokwisha kunawa ndipo Salimu akasema, "Piga moyo konde. Bakari hatunaye tangu usiku. Wanamzika leo, na mama yake anataka kumwona uso. Simu huku zinatoa sauti tu, bila ruta picha haipiti."

Ndiyo desturi yetu: habari ya msiba haipewi mtu mwenye safari, wala mwenye njaa. Nililia, kisha nikapandwa na hasira: ningeambiwa mapema, nisingepoteza muda njiani.

Ruta ilikuwa imepoteza mfumo wake, yaani programu ya kuiendesha, inawaka na kuzima. Dawa yake ni kuupokea mfumo kwa waya kutoka kwenye kompyuta nyingine. Nikaingia kwenye mipangilio yake ya kuwakia, nikaipa poti ya kwanza, yaani tundu la waya, anwani ya mtandao, nikaiamuru iufuate mfumo kwenye kompyuta yangu. Kimya. Kumbe kwa haraka nimechomeka waya poti ya pili, na ruta ile ikiamka husikiliza ya kwanza tu! Nikauhamisha. Mfumo ukaingia polepole, shangazi kanishika bega.

Salimu akapiga simu ya video. Picha ilipofunguka, watu wa Maskati walikuwa wanakung'uta mchanga mikononi.

"Tumeshamzika, mama," mmoja akasema.

Shangazi akakisogelea kioo cha simu. "Basi nionyesheni kaburi."

Nilirudi Tanga jioni ileile, moyo mzito, sina hata wa kumlaumu. Siku hizi mtu akiniita kutengeneza chochote, namuuliza kwanza: nani kafa? Wengi hucheka. Akitokea aliyenyamaza, naondoka kumfuata saa hiyohiyo.