Chatu wa Majlisi

Mwenye duka la wanyama pale mjini Ibra hasalimii mtu kabla hajasalimia vioo. Hupita sanduku moja moja la kioo la nyoka, akagusa upande wa joto kwa mgongo wa mkono, kisha upande wa baridi, kama mama anayepima homa ya mtoto. Kipimajoto hukitazama mwisho, tena kwa jicho la kutokiamini. Vidole vyake vina makovu ya kuunguzwa na taa za kuwapasha nyoka joto, na sauti yake ni ndogo, mpaka mteja ainame kumsikia. Siku kijana Shihab alipomrudisha dukani, ndani ya boksi, chatu aliyemnunua hapo, amelegea kama kamba iliyorowa, sauti ile ndogo haikuwapo.

"Taa yake mlizima?"

"Tulikuwa na wageni, ami. Ile taa inatia joto majlisi, chumba cha wageni anamokaa huyu. Baba akasema aibu, tukaweka AC nyuzi kumi na sita."

"Kumi na sita! Wageni mliwapa kahawa ya moto. Huyu mlimpa nini?"

"Nikasema nchi yetu yenyewe joto..."

"Joto liko nje! Wewe umemfungia ndani!"

Shihab aliinama, akingoja kukaripiwa zaidi. Yule bwana akazima AC ya duka zima, akafungua kifungo cha kanzu, akamtia chatu kifuani. Akasimama hivyo, jasho likimchuruzika, macho kayakaza kwa Shihab, hata ncha ya mkia ikajikunja polepole shingoni mwake. Shihab akanyoosha mikono kumpokea. Yule bwana akaisukuma.

"Nenda kakae na wageni wako."